Mpiga Kura Asiyepeperusha Bendera



Siasa za nchi yoyote zinapochacha, sauti zinazotangulia kusikika ni za watu wa pembeni: yule anayeitikia kila neno la serikali, na yule anayelikataa kabla halijamalizika kutamkwa. Baina yao wamo watu wengi ambao hulipima kila jambo kwa uzito wake. Huko Marekani wapiga kura wa namna hiyo hutafutwa kwa udi na uvumba kila unapokaribia uchaguzi. Huulizwa wanaonaje juu ya bunduki, uhamiaji, kodi na utoaji mimba, na majibu yao huchapishwa magazetini.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mdomo wa Mto Ruvuma, kupita Palma na Msimbwa, mji unaoandikwa kwa Kireno Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Kirimba, mpiga kura huyo yupo pia. Hakuna amfuataye kumuuliza, wala kukaa kwake katikati si jambo la starehe. Askari wa kizuizini humtilia shaka kwa kofia yake na kwa kukosa kitambulisho, ambacho huenda kiliungua pamoja na nyumba. Watu wa msituni, ambao wenyeji huwaita mashababi, humhesabu kafiri kwa kuikubali serikali na kura zake. Na jamaa zake mwenyewe humwita popo, kwamba si ndege wala si mnyama.

Mpiga kura huyo hatatajwa hapa kwa jina, kwani si mtu mmoja. Ni mvuvi, ni mama achokoaye pweza maji ya bamvua yanapotoka, ni mwalimu wa shule iliyokwisha kufungwa na kufunguliwa mara kadhaa. Fikra zao hazilingani katika kila kipengele, lakini zinakaribiana kiasi cha kuweza kuelezwa pamoja.

Jambo la kwanza linalowagawa watu ni vita vyenyewe. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa usiku, hesabu za wachunguzi wa vita hivyo zimepita vifo 6,000, na kuna wakati ambapo watu waliokimbia makwao walikaribia milioni moja. Wako wasemao kwamba dawa ni risasi tu. Wako wasemao kwamba serikali ingekwisha kaa mezani na hao wapiganaji siku nyingi. Mpiga kura wa katikati huwauliza wa kwanza: kijana aliyetekwa akiwa na miaka kumi na mitatu, akabebeshwa mzigo wa mchele na baadaye bunduki, naye ni wa risasi? Kisha huwageukia wa pili na kuwauliza: mezani atakaa nani? Msumbiji inaujua msamaha. Oktoba 1992, baada ya mapatano ya amani yaliyotiwa saini Roma, sheria ya msamaha ilipitishwa mara moja, na mwaka 2019 ikapitishwa nyingine. Lakini RENAMO ilikuwa na kiongozi aliyejulikana, na madai yaliyoweza kuandikwa kwenye karatasi. Waliochinja watu Palma mwezi Machi 2021 hawakuacha anwani.

Kwa hiyo msimamo wake ni huu: mlango wa kujisalimisha uwe wazi, nao uwe mlango wa kweli, wenye mashahidi, ili kijana apitaye asipotelee upande wa pili, na aliyeamrisha kuchinja ahukumiwe mahakamani mbele ya watu. Msimamo huo haumpendezi mjane, wala haumpendezi afisa mwenye haraka. Hata hivyo, wenye kuutoa ni watu ambao watalazimika kuishi na hao wanaorudi, kuchota nao maji kisima kimoja na kuswali nao safu moja. Yafaa ikumbukwe pia kwamba mara baada ya mashambulizi ya 2017 baadhi ya misikiti ilifungwa mkoani humo na waumini wengi wakakamatwa, hali wazee wa misikiti ya pwani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonya juu ya vijana waliojitenga na kuwakataza watu shule za serikali.

Jambo la pili ni askari wa kigeni. Julai 2021 waliingia askari wapatao 1,000 wa Rwanda, na baada yao jeshi la nchi za Kusini mwa Afrika, ambamo walikuwamo Watanzania. Mwezi Agosti mwaka huo Mocímboa da Praia, iliyokuwa mikononi mwa waasi kwa mwaka mzima, ilikombolewa. Jeshi hilo la jumuiya liliondoka Julai 2024. Katika miji mikubwa ya kusini, habari hizi hujadiliwa kwa maneno ya heshima ya taifa: je, nchi huru hulindwa na wageni? Pwani hujadiliwa kwa namna nyingine. Askari wa Rwanda aliyefika sokoni akasalimu kwa Kiswahili, akalipia samaki aliyemchukua, alipata sifa ambayo askari wengi wa nchi yenyewe hawakuwa wameipata, maana wao walitoka mbali na lugha ya pwani hawakuijua. Hilo ni neno chungu kwa serikali, lakini linasemwa na watu wanaoitakia serikali hiyo mema.

Mpiga kura wa katikati hushukuru, kisha huuliza maswali ya mwenye nyumba: mgeni huyu ataondoka lini, na akiondoka nani atashika zamu? Naye hutazama kwa jicho mbili kile kikosi cha wenyeji wenye silaha, ambacho bunge lilikipa uhalali wa kisheria mwishoni mwa 2022. Wengi wa waliokianzisha ni wapiganaji wa zamani wa vita vya ukombozi na watoto wao, watu wa nyanda za juu za Mueda. Hakuna anayebisha ushujaa wao. Vita vya ukombozi vilianzia mkoani humo humo, huko Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Bali mtu wa pwani angependa kuona bunduki zikihesabiwa, ziwe na daftari, na siku ya kurudishwa ijulikane.

Gesi ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi barazani, na hapana ajabu. Hazina iliyogunduliwa kuanzia mwaka 2010 katika bahari ya Ruvuma ni miongoni mwa hazina kubwa duniani. Kwa ajili ya mtambo wa Afungi, ulio karibu na Palma, zilitengwa hekta zipatazo 7,000. Familia zaidi ya 500 zilitakiwa kuhama, na kijiji kipya cha Quitunda kikajengwa kwa matofali na mabati. Nyumba ni nzuri. Hata wasiopenda mradi hukubali. Ila mtu aliyezoea kuamka na kuyaona maji, akaweza kujua kwa rangi yake kama leo ni siku ya nyavu au ya madema, alijikuta anaishi bara, akingoja gari la kumpeleka baharini. Na mama wa pweza alikuta kwamba hesabu ya fidia ni rahisi kwa mnazi na mkorosho, ambao huonekana na kuhesabika, lakini ni ngumu kwa mwamba ambao bahari huufunika na kuufunua mara mbili kwa siku. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya 1997 humlinda aliyekaa mahali kwa desturi, hata kama hana karatasi. Ni sheria njema, na wengi huisifu. Lakini pweza hakai juu ya ardhi, wala mwamba ule haukuwahi kupandwa na mtu.

Kutokana na hayo wako wasemao gesi iachwe chini ya bahari. Hoja yao si ya kipuuzi, kwani vita na gesi vimekaa jirani mno. Wako wengine wasemao kila anayelalamika ni adui wa maendeleo. Mpiga kura wa katikati hawafuati hao wala hao. Anataka mtambo ujengwe, maana watoto wake wanahitaji kazi na korosho peke yake haijamtoa. Lakini anataka kujua mtoto wake ataajiriwa kwa karatasi gani, na kwa nini karatasi hiyo hutolewa mbali na kwake. Anajua kwamba sheria ya Mfuko wa Taifa ya Januari 2024 inaweka akiba asilimia 40 ya mapato ya gesi kwa miaka 15 ya mwanzo, na asilimia 60 kuingia katika bajeti ya serikali. Hilo analikubali. Asilimia 2.75 ya kodi ya uzalishaji, iliyotengwa kwa jamii zinazoishi palipo na uchimbaji, ndiyo inayomfanya anyanyue nyusi. Si kwamba ni ndogo tu. Swali ni nani huketi kuamua ijengwe nini, kisima au ofisi.

Ng'ambo ya Ruvuma watu wanaujua mjadala huu. Mwezi Mei 2013 Mtwara iliingia katika ghasia kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Maisha yakapotea na majengo yakachomwa. Bomba lilijengwa. Wako wazee wa Palma wenye ndugu Mtwara ambao huutaja mwaka huo kila vijana wanapopandisha sauti, nao vijana huwajibu kwamba angalau Mtwara walisikika.

Na hapa ndipo mpiga kura wa pwani anapokutana na yule wa Marekani, ingawa hawajuani. Kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ilisimamisha kazi Aprili 2021, baada ya Palma kushambuliwa. Machi 2025 benki ya serikali ya Marekani inayokopesha biashara ya nje iliuthibitisha upya mkopo wa karibu dola bilioni 4.7 kwa ajili ya mradi huo. Kwa baadhi ya Wamarekani huo ni ujira kwa viwanda vyao. Kwa wengine ni fedha ya umma kuchochea moto unaoichoma hali ya hewa. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ilitangaza kuondoa zuio lake, na Uingereza, kwa upande wake, ikaondoa fedha zake ikisema hatari zimezidi. Mambo yaliyoamuliwa Washington na London yalikuwa ya Afungi, na mama wa pweza aliyasikia redioni kama mtu mwingine yeyote.

Imebakia kura yenyewe. Pwani hii ina kumbukumbu mbaya. Mei 2005 Mocímboa da Praia ilifanya uchaguzi mdogo wa meya. Matokeo yakakataliwa, na Septemba wafuasi wa FRELIMO na RENAMO wakapigana, watu wakafa na nyumba nyingi zikateketezwa. Ugomvi ule ulivaa nguo ya chama, lakini ndani yake ulikuwa na kabila, na wengi waliokuwa watoto wakati ule ndio walio watu wazima sasa. Miaka 12 baadaye mji huo huo ukawa wa kwanza kushambuliwa. Si haki kusema jambo moja lilizaa jingine. Lakini ni upofu kuyasimulia kana kwamba yalitokea katika miji miwili tofauti.

Oktoba 2023 mji ulipiga kura tena kuchagua manispaa, katika majengo yenye matundu ya risasi. Tarehe 9 Oktoba 2024 ukaja uchaguzi wa rais. Baraza la Katiba lilimtangaza Daniel Chapo kuwa mshindi kwa asilimia 65.17, huku Venâncio Mondlane akipewa 24.19, Mondlane alikataa, na miezi ya maandamano ikapoteza maisha ya mamia ya watu katika nchi nzima. Zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakuwa wamepiga kura kabisa.

Mpiga kura wa katikati alikwenda. Alitembea, akapanga foleni, na wino ukakaa kidoleni kwa siku kadhaa, katika mkoa ambao wino huo unaweza kumgharimu mtu maisha akikutana na watu wasiofaa njiani. Kwa sababu hiyo hana subira na anayemwambia asifuatilie hesabu. Wala hana subira na anayechoma duka la mwenziwe ili kuitetea kura ambayo mwenye duka naye aliipiga. Sheria inataka karatasi ya matokeo ibandikwe kituoni pale pale. Yeye anataka ibandikwe mapema, ikae, isomeke, na jumla ya mwisho iweze kulinganishwa nayo na mtu yeyote ajuaye kujumlisha. Machi 2025 Rais na vyama walitia saini mapatano ya majadiliano ya kitaifa, ambayo mwezi uliofuata yalifanywa sheria, na miongoni mwa mambo yaliyowekwa kujadiliwa ni sheria za uchaguzi na namna magavana wa mikoa watakavyokuwa na madaraka. Wataalamu wamealikwa, na vyama vimealikwa. Barazani Palma swali lililoulizwa ni kama mikutano hiyo ingefika wilayani, na kama ingefika, ingeendeshwa kwa Kireno au kwa Kimwani.