Rongo na Tom Mboya: Tushindane kwa Kheri

(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya futari, Rodi Kopany)



Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada zangu. Alhamdulillahi tumefuturu, uji umeshuka, na kabla ya Isha nimepewa dakika chache. Sitawachosha.

Rodi yetu iko njiani. Ukipanda matatu ukaelekea Homa Bay, utakikuta Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Ukishika barabara ya Rongo, unaingia kaunti ya Migori na huko kuna Chuo Kikuu cha Rongo. Unaweza kutoka chuo hiki ukaenda kile na kurudi kabla ya Adhuhuri. Ndiyo maana nyumba moja hapa inaweza kuwa na kijana mmoja kule na mwenzake huku.

Sasa makomredi hawa wakikutana likizo, hakuna kulala. Wa Homa Bay anasema, "Nyinyi mmejificha huko mlimani, hata ziwa hamlioni." Wa Rongo anajibu, "Na nyinyi juzi tu mlikuwa chuo cha kulelewa!" Sisi wengine tunacheka. Utani huu si mbaya. Si mnajua mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards tunaiita ya mashemeji? Shemeji unamtania mpaka basi, lakini humtakii mabaya, maana watoto wake ni damu yako.

Lakini ndugu zangu, utani huu una mtu anayeulipia. Ni yule mtoto wa Form Four aliyekaa pembeni kimya, anasikiliza. Anatafuta C plus yake aingie digrii. Anawauliza kaka na dada zake, "Nijaze chuo gani?" Jibu analopewa ni kejeli. Basi anachagua chuo kama anayechagua timu ya mpira. Mwaka mmoja baadaye anagundua kozi aliyoitaka ilikuwa kule kule alikokucheka. Karo imekwenda, na mzazi ameshauza ng'ombe.

Hebu tuuweke ukweli mezani. Rongo ilianza mwaka 2011 ikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili Oktoba 2016. Mwaka huo huo wa 2016 Tom Mboya ikaanzishwa kuwa chuo kishiriki cha Maseno, nayo ikapata hati yake mwaka 2022. Kumbe wote wawili walibebwa mgongoni! Anayemcheka mwenzake kwa kulelewa amesahau nani alimlea yeye.

Tena tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1959 Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, alisaidia kupeleka wanafunzi 81 kwa ndege moja kwenda kusoma Marekani. Wakati ule Kenya haikuwa na chuo kikuu chake. Aliyetaka digrii alikwenda Makerere au alivuka bahari. Leo Rodi ina vyuo vikuu viwili, kimoja kila upande. Ni neema, na neema haishukuriwi kwa kudharau nusu yake.

Mashindano ya namna hii hayakuanza na sisi. Katika Iraq ya zamani kulikuwa na miji miwili, Basra na Kufa, yote iliyoanzishwa zama za Khalifa Umar. Wanazuoni wake walishindana miaka mingi juu ya sarufi ya Kiarabu. Watu wa Basra walishikilia kanuni na kipimo. Watu wa Kufa walitoa nafasi kubwa zaidi kwa yale yaliyosikika vinywani mwa Waarabu.

Siku moja huko Baghdad, mbele ya waziri Yahya al-Barmaki, walikutanishwa Sibawayh wa Basra na al-Kisai wa Kufa. Swali lilihusu sentensi moja tu ya nge na nyigu: neno la mwisho litamkwe vipi? Wakaitwa Mabedui kutoa ushahidi, wakasema haki iko kwa al-Kisai. Wapo wanahistoria waliosimulia kwamba mashahidi wale walikuwa wamenunuliwa. Sibawayh aliondoka na huzuni, akafariki kwao Uajemi angali kijana.

Mngedhani Kufa ilisherehekea na kumsahau. La! Inasimuliwa kwamba al-Kisai mwenyewe alikisoma kitabu cha Sibawayh kwa mwanafunzi wa Sibawayh. Na al-Farra, bingwa wa Kufa baada yake, alipofariki kitabu hicho kilikutwa chini ya mto wake wa kulalia. Kitabu cha mpinzani! Huko ndiko kushindana. Na sisi tumefaidi pande zote mbili. Msahafu ulioenea kwetu, tunaousoma usiku huu wa Ramadhani, unafuata kisomo cha Asim wa Kufa. Na anayejifunza sarufi yake anarudi kwa Sibawayh wa Basra.

Suratul Maida, aya ya 48, inatutaka tushindane katika mambo ya kheri. Basi kwetu hapa kheri hiyo iwe nini?

Kwanza, makomredi: kila mmoja aweze kutaja jambo moja ambalo chuo cha mwenzake kinafanya vizuri zaidi. Ukishindwa kulitaja, basi hukijui, na usiyemjua huwezi kushindana naye.

Pili, mtoto akiuliza, mpeni majibu ya kazi. Kozi anayoitaka iko wapi? Imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Mwaka uliopita ilihitaji pointi ngapi? Atalala nyumbani Rodi alipe nauli, au atapanga chumba?

Tatu, likizo hii fanyeni mashindano ya kweli. Wa Rongo wachukue kundi moja la Form Four, wa Tom Mboya wachukue jingine, muwafundishe hesabu na Kiswahili. Mshindi ahesabiwe kwa watoto waliopanda gredi. Na msimamizi asiwe wa upande wowote, yasije yakawa ya wale Mabedui wa Baghdad.

Nanyi wazazi, tafadhali, msimwambie mtoto, "Mwenzako yuko chuo cha maana." Maneno hayo hayamwongezei alama hata moja, na yanawatenga ndugu wa tumbo moja.

Vijana wetu, taniana mpaka mchoke. Lakini usiku, chini ya mto wako, kiwepo kitabu cha mwenzako.