JINA LA MAMA KWENYE HATI, DENI LA BABA
(Mazungumzo ya Kamati kwenye mkutano wa wanachama)

Tumeyaandika hapa tuliyoyasema mkutanoni, ili ninyi mliokuwa kwenye palizi nanyi myasome.

Jambo lenyewe ni hati. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kupewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mbozi, wakati ule ikiwa Mkoa wa Mbeya, ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuzijaribu. Iringa Vijijini nako mashamba mengi yalipimwa baada ya 2015. Wengi wetu tunazo, zimefungwa nailoni ndani ya sanduku.

Sasa baba anauliza: "Nimeshaweka hati rehani nikakopa mbolea. Nikimwandikisha mama watoto, naye atadaiwa?" Mama anauliza: "Nikiandikwa, shamba limepona?"

Haya, tujibu moja moja.

Kwanza, hati ni habari ya mali, mkataba wa mkopo ni habari ya deni. Ni karatasi mbili. Jina la mama kwenye hati linamfanya mwenye shamba pamoja na baba. Halimfanyi mdaiwa. Mdaiwa ni aliyetia sahihi mkopo.

Pili, tusidanganyane jamani. Rehani inakaa juu ya shamba. Mama akiandikwa baadaye, anaingia kwenye shamba ambalo tayari lina mzigo. Deni lisipolipwa, mkopeshaji anaweza kuliuza, na sehemu ya mama imo humo. Tena mikataba mingi ya rehani inakataza kubadili majina bila mkopeshaji kukubali. Kwa hiyo usiende kwa Mtendaji kimyakimya. Anza kwa aliyekukopesha, akupe idhini kwa maandishi.

Tatu, sahihi ya ridhaa siyo sahihi ya udhamini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina la mwenzake halimo kwenye hati. Anayeridhia amekubali mali iwekwe rehani. Anayedhamini ameahidi kulipa mwenyewe baba akishindwa. Basi akina mama, mkiitwa kutia sahihi, ulizeni: karatasi hii inasema nimekubali, au inasema nitalipa? Asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini. Dole gumba nalo ni sahihi.

Mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi na bei ikaanguka, kaya moja ya kwetu nusura ipoteze shamba. Baba alikopa peke yake. Mama alijua siku dalali alipofika kukagua mipaka. Deni lililipwa kwa kuuza ng'ombe wawili, na aliyekuwa akiwakatia majani ng'ombe hao ni mama. Tulikaa nao, tukaona baba hakuwa mwizi. Alikuwa na aibu tu ya kusema. Lakini aibu ile ingewalaza watoto nje.

Nne, faida ya kuandikwa ni ipi? Sheria ile ya 1971 inachukulia kwamba mali yenye majina ya mume na mke ni yao sawa kwa sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Lakini kuthibitisha mchango mahakamani ni safari ndefu na nauli ni yako. Jina likiwa kwenye hati, safari inafupika.

Kwa hiyo Kamati inashauri hivi: andikisheni majina mawili kabla ya kukopa, siyo baada. Mkopo ujadiliwe nyumbani na wote wawili, kiasi kijulikane, na tarehe ya kulipa ijulikane. Nakala ya mkataba ikae pale mama anapoweza kuifikia.

Atakayetaka kusindikizwa kwa Mtendaji au kusomewa mkataba wake, aje ghalani siku ya mizani. Hatutozi kitu.

Ushirika ni nguvu, na uanzie nyumbani.

Ni sisi, Kamati ya Ushirika.