Mzazi Hushauriwa Siku ya Ngapi?



Leo napenda tuzungumzie siku ya tatu. Mwanamke aliyejifungua salama hospitalini hukaa hapo saa 24 hivi, kisha huruhusiwa. Kabla ya kuondoka huambiwa, pamoja na wenzake wa wodini, kwamba amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu kwa miezi sita, bila hata maji. Hayo ni kweli tupu, na muuguzi anayeyasema anastahili shukrani. Lakini saa ile mzazi huyu bado hana swali. Matiti yake yanatoa dang'a tu. Maziwa yenyewe huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Wakati huo yuko wapi? Yuko nyumbani, Poli au Akheri au Ngaramtoni, matiti yanauma, mtoto analia usiku kucha, na mama mkwe amesimama mlangoni na kikombe.

Mimi simlaumu mama mkwe. Ndiye aliyepika mtori, ndiye anayefua nepi. Akisema kwamba maziwa hayatoshi na mtoto ana kiu, anasema kwa mapenzi.

Ila kikombe kile kina maji, nasi tunaokaa chini ya Mlima Meru tuna sababu yetu ya pekee ya kukiogopa. Maji ya chemchemi na visima vingi vya huku yana floridi nyingi kupita kiasi. Ushahidi tunao katika meno ya kahawia ya watoto wetu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji yetu mengi yamekipita. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi hata kidogo. Sasa tazameni ajabu hii: mama akinywa maji hayohayo, ni floridi kidogo sana inayoingia katika maziwa yake. Tena karibu sehemu tisa kwa kumi za maziwa hayo ni maji. Kiu ya mtoto imekwisha kutunzwa.

Mshauri anayejua kazi yake hatamhutubia mzazi mambo haya yote. Ataketi, atauliza, kisha ataomba mtoto anyonyeshwe mbele yake ili aone. Je, kinywa kimefunguka sana? Kidevu kimegusa titi? Au mtoto ameshika ncha ya chuchu tu, ndiyo maana mama anakunja uso? Mara nyingi kumsogeza mtoto kidogo tu hutosha. Atauliza pia amekojoa mara ngapi. Kuanzia siku ya tano hivi, mara sita au zaidi kwa siku na usiku ni dalili ya kushiba. Atamwonyesha bibi kijiko cha chai, kwa kuwa siku ya kwanza mtoto hahitaji zaidi ya kiasi hicho kwa mnyonyo mmoja. Na atawaeleza wote wawili kwamba maziwa hutengenezwa kwa kunyonywa. Mtoto akishibishwa maji hanyonyi, titi lisiponyonywa hupunguza, na baada ya wiki moja maneno ya bibi kwamba maziwa hayatoshi huwa kweli.

Jirani zetu wa Mbale, Uganda, chini ya Mlima Elgon, walijaribu jambo hili. Wanawake wa vijijini mwenyewe walifundishwa, wakawatembelea wenzao majumbani mara tano au zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: katika wiki ya 12, watoto 82 kati ya 100 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama tu, dhidi ya 44 ambako hakukuwa na ziara hizo. Nisiwafiche, huko Afrika Kusini utafiti huohuo ulipata 10 dhidi ya 6 tu. Maneno peke yake hayashindi kila mahali.

Hapa Tanzania tumetoka watoto 50 kati ya 100 mwaka 2010 hadi 64 mwaka 2022. Wanaobaki ni wengi. Yupo mama wa shamba la maua, ambaye sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 84, na akirudi kazini saa mbili kwa siku za kunyonyesha, wangapi wameambiwa? Yupo muuza ndizi wa Tengeru, asiye na mwajiri wa kumdai chochote. Huyo afundishwe kukamua katika kikombe safi kabla ya kwenda sokoni.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Ombi langu ni dogo. Kila mzazi atembelewe siku ya tatu, kabla kikombe hakijaingia ndani. Na mhudumu akifika, aanze kwa kumwamkia bibi, amwombe aketi karibu, wasikilize pamoja.