Aliyeelemewa na Pombe Atafute Wenzake

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali.



Yapo mambo ambayo maofisini mwetu husemwa kwa mnong'ono tu. Mojawapo ni habari za mwenzetu aliyeelemewa na pombe. Jumatatu haonekani. Jumanne anafika amechelewa, macho mekundu, mikono ikitetemeka. Jirani yake wa meza amekwisha kumtilia sahihi katika kitabu cha mahudhurio. Mwalimu mwingine ameshika vipindi vyake. Na mkuu wa kazi ameambiwa kwamba ndugu huyo ana malaria. Sote twadhani tunamsitiri. Kwa hakika tunamsindikiza, mpaka siku barua ya kuachishwa kazi itakapomfikia na jamaa yake kukosa riziki.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya 2024, lilikadiria kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019. Iwe mbege, ulanzi, gongo au bia ya chupa, kinachomfunga mtu ni kile kile. Aidha, madaktari wanahesabu utumwa huo kuwa maradhi. Basi mgonjwa atafute tiba, na sehemu moja ya tiba hiyo ni kikundi cha wenzake.

Chimbuko la vikundi hivyo ni mji wa Akron, nchini Marekani. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini humo baada ya shughuli yake kuvunjika. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, na kishawishi kilikuwa karibu. Badala ya kuingia baa alipiga simu makanisani kuuliza kama yupo mlevi wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo alikutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa ikimwangamiza. Smith alikwisha kusikia nasaha nyingi. Safari hii aliyezungumza naye alikuwa mtu aliyepita njia ile ile. Tarehe 10 Juni 1935 Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous.

Ndugu zangu, mkutano wa kikundi cha namna hiyo ni jambo jepesi kuliko hofu yetu. Hakuna ada. Sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha kunywa. Mtu hujitaja kwa jina lake la kwanza, cheo hubaki mlangoni, na mkurugenzi huketi kando ya tarishi. Mgeni halazimishwi kusema. Aweza kusikiliza tu. Mikutano mingine ni ya wenye tatizo peke yao, mingine hupokea yeyote. Mafunzo yao humtaja Mungu, lakini kila mtu huachiwa amwelewe kwa imani yake. Yasemwayo humo hayatolewi nje. Hapo ndipo siri inapotofautiana na kificho: kificho humwacha mtu peke yake na chupa, siri ya kikundi humpa mahali pa kusema kweli.

Je, yafaa? Mwaka 2020 wataalamu walipitia tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba tiba iliyowaelekeza wagonjwa kwenye vikundi hivyo iliwasaidia wengi zaidi kuacha kabisa kuliko tiba nyingine walizolinganisha nazo.

Anayetaka kikundi aanze kuuliza hospitali yenye huduma ya afya ya akili, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Aliye mbali na miji aweza kuhudhuria kwa simu, kwani mikutano mingine hufanyika kwa intaneti. Akienda mara moja asipokipenda kikundi, asikate tamaa, ajaribu kingine. Mke, mume na wazazi nao wana vikundi vyao, vilivyoanza Marekani mwaka 1951 kwa jina la Al-Anon.

Nina onyo moja. Mnywaji mzito wa miaka mingi asiache ghafla bila daktari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja waweza kuingia kifafa na kuweweseka, hata kufa. Hospitali kwanza, kikundi kiandamane nayo.

Na sisi wengine tuna wajibu. Tuache kumtilia sahihi mwenzetu. Tumwite faraghani, akiwa hajanywa, tumweleze tulichokiona bila matusi, kisha tujitolee kumsindikiza hospitali au kwenye mkutano wake wa kwanza. Mkuu wa kazi naye ampe ruhusa ya kutibiwa kama ampavyo mgonjwa wa kifua kikuu, wala asiifanye habari yake kuwa gumzo la ofisi.

Huenda mtu akasema kwamba wilayani kwake hakuna kikundi. Akron nako hakikuwapo. Walikuwapo watu wawili, meza, na ukweli uliosemwa bila kupambwa. Katika kila wilaya yetu wapo wawili wa namna hiyo, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake. Tuwakutanishe.