Tuanzie Chini: Haki na Masomo ya Udaktari Wakati wa UVIKO-19

(Mada iliyotolewa katika semina ya haki na amani, Nyegezi, Mwanza)



Napenda kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu tumekwisha kulisahau. Tunapozungumzia haki katika elimu, kwa kawaida tunataja ada, madawati na upungufu wa walimu. Leo napenda tuutazame mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango ya vyuo, na tujiulize: je, gharama ya kufunga kule ilibebwa na nani? Nasema kama daktari ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Chuo nilichosoma sitakitaja, kwani kasoro nitakazozieleza hazikuwa zake peke yake.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake ilitolewa amri ya kufunga shule, na tarehe 18 Machi ikawa zamu ya vyuo. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Kipindi hicho ni kifupi kikilinganishwa na cha majirani zetu wa Uganda, ambao shule zao hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wala sisemi kwamba kufunga kulikuwa kosa. Kuwajaza wanafunzi wodini bila barakoa za kutosha kungewahatarisha wagonjwa na wanafunzi wenyewe. Lakini hata uamuzi ulio sahihi una mzigo wake, na mzigo huo usipogawanywa kwa haki humwangukia mnyonge.

Mzigo wa kwanza ulituangukia sisi wanafunzi, tena si kwa kipimo kimoja. Kila mtu alirudi kwao. Mimi nilirudi Ukerewe. Walimu wetu walijitahidi: walitutumia maelezo na picha kwa simu, na mara moja moja mhadhara uliorekodiwa. Mwenzangu aliyebaki mjini, mwenye kompyuta na umeme wa uhakika, aliweza kuusikiliza mhadhara huo mara tatu. Mimi nilipanda juu ya mawe nyuma ya nyumba ya baba mdogo, mahali pekee mtandao uliposhika, nikasubiri saa nzima mhadhara mmoja uingie kwenye simu. Kifurushi kilikwisha kabla haujafika nusu. Kununua kingine kulimaanisha kumwomba mama fedha ya mboga. Niliona haya, nikanyamaza. Binti mmoja wa darasa letu alinieleza baadaye kwamba kwao alihesabiwa yu likizoni. Maji, kuni na wadogo zake walikuwa wakimngoja, na kitabu alikifungua wengine walipokwisha kulala.

Chuoni tulikalia benchi moja na kusomea chini ya taa moja. Milango ilipofungwa, kila familia ilitakiwa kumjengea mwanawe darasa. Waliokuwa na uwezo walijenga. Waliokosa walionekana wazembe.

Mzigo wa pili ni mzito zaidi, nao hauzungumzwi. Wahenga walisema: mwana wa mhunzi, asiposana, huvukuta. Yaani ufundi hupatikana karibu na moto, hata kwa yule ambaye bado hajaushika nyundo. Udaktari nao ni ufundi. Majina ya mifupa, kazi za dawa na dalili za maradhi huweza kusomwa kwa mbali, na pengine kwa faida, kwa kuwa mhadhara uliorekodiwa huweza kurudiwa. Lakini mkono haujifunzi kwa picha.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 2023, nikiwa daktari mtarajali katika hospitali moja ya Kanda hii ya Ziwa, aliletwa mtoto kutoka kambi ya wavuvi. Mama yake alisema, “Tumbo lake limejaa tu, daktari.” Ninyi mnaoishi kando ya ziwa mnajua kwamba malaria na kichocho huweza kuivimbisha bandama. Niliweka vidole chini ya mbavu za kushoto, kama nilivyoiona picha kwenye simu miaka mitatu kabla. Sikuhisi ukingo wowote. Nikaandika kwamba bandama haijavimba. Muuguzi mmoja wa makamo alikuwa akinitazama. Akasema kwa upole, “Daktari, anzia chini, huku kulia, upande polepole.” Nikaanzia karibu na kinena, nikapanda. Ukingo ukakutana na vidole vyangu karibu na kitovu. Bandama ilikuwa kubwa kiasi kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimeweka mkono juu yake nisijue.

Nilifuta nilichoandika, na mtoto akapata vipimo alivyostahili. Je, muuguzi yule asingalikuwapo? Vyuo vilipofunguliwa ratiba ilibanwa, mitihani ikafanyika, tukafaulu. Hakuna aliyetuuliza ni matumbo mangapi tulikuwa tumeyapapasa. Deni la majuma yale kumi halikufutika; lilihamishiwa kwa mtoto wa mvuvi, ambaye hakuwahi kuulizwa kama anaweza kulilipa.

Ndugu zangu, jambo hili linatuhusu hapa Nyegezi. Kanisa lina vyuo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilianza hapa mwaka 1998, na mwaka 2003 chuo cha udaktari cha Bugando kikaanza kama chuo kishiriki chake. Hivyo tunapodai haki katika mafunzo ya waganga hatuwanyoshei vidole wengine peke yao. Aidha, maradhi ya mlipuko hayajatuacha. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025. Milango inaweza kufungwa tena.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu:

1. Chuo kinapolazimika kufundisha kwa mbali, kipange kwa kumfikiria kwanza mwanafunzi asiye na kitu. Somo litumwe pia kwa maandishi mafupi yasiyokula kifurushi, na vitabu viazimwe kabla watu hawajatawanyika.

2. Mazoezi ya wodini yaliyopotea yahesabiwe na kulipwa kabla ya mtu kuhitimu, hata kama itabidi kuongeza majuma. Kuchelewa kwa daktari ni hasara; daktari asiyejua kupapasa ni hasara kubwa zaidi.

3. Wauguzi wenye uzoefu wapewe nafasi rasmi ya kuwafundisha wanafunzi na watarajali. Yule aliyenisaidia hakuwa na cheo cha ualimu, lakini alikuwa mwalimu.

Kila mara tunapopima uamuzi wa wakubwa, tuanzie chini na kupanda polepole. Tukianzia juu, tunaweza kuweka mkono juu ya ugonjwa wenyewe na bado tukasema haupo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

(a) Mwaka 2020, ni watoto gani katika mtaa au kijiji chetu walioshindwa kusoma shule zilipofungwa? Tulifanya nini kuwasaidia?

(b) Zahanati yetu ina mwanafunzi au daktari mtarajali? Je, tunamkubalia ajifunze kwetu, naye anatuheshimu anapojifunza?

(c) Milango ikifungwa tena, jumuiya yetu inaweza kutoa nini: chumba, taa, au mtu wa kumpunguzia binti kazi za nyumbani?