Saini ya Mkaguzi ni Ushahidi

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na wote waliofuata mwendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu,

Kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo alinijia nyumbani na suali. Kijana huyu anafanya kazi ng'ambo, katika kiwanda kinachotengeneza vipuri vya pampu. Yeye ni mkaguzi wa ubora. Hakerezi chuma wala hauzi. Hupima kilichokerezwa, huandika alichokiona, kisha hutia saini.

Akaniambia: "Ustadhi, siku moja shafti mia mbili zilizidi kipimo kwa elfu nne za milimita. Msimamizi akanitaka nitie saini zipite, kwani mteja hatajua. Mimi sikuzitengeneza na wala sitaziuza. Je, katika saini peke yake mna dhambi?"

Jibu nilimpa siku ile ile. Lakini nimeona suali lenyewe si lake peke yake, ni letu sote, na ndiyo maana nimelileta hapa.

Msamaha una mpaka

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Hakuna fundi duniani awezaye kutengeneza vitu viwili vilivyo sawa kabisa. Kwa hiyo mwenye kuchora mchoro huandika kipimo anachokitaka, kisha huandika kiasi kinachosamehewa juu yake na chini yake. Katika kisa chetu kipimo kilikuwa milimita 20, na msamaha ni 0.01 kila upande. Unywele wa mwanadamu una unene wa kama 0.07 ya milimita. Basi msamaha huo ni kama sehemu moja katika saba ya unywele! Jicho halioni hapo. Huona mikromita.

Msimamizi alisema 0.004 ni kitu kidogo, na kwa jicho ni kidogo kweli. Lakini tuzingatie: msamaha ulikwisha kutolewa, na aliyeutoa ni mwenye haki ya kuutoa, kwa sababu ndiye ajuaye shafti ile itazunguka ndani ya nini. Mkaguzi hana msamaha wake binafsi wa kuongeza juu ya mali ya mwenziwe. Na mlango wa halali haukufungwa. Mteja aelezwe ukweli, aoneshwe vipimo, naye akiridhia kwa maandishi kuzipokea shafti hizo, zimepita kwa haki. Alichotakiwa kijana wetu ni kuufunga mlango huo na kupita dirishani.

Kipimo nacho kina isnadi

Sisi tuliosoma elimu ya Hadithi tumezoea kuuliza: umeipokea kutoka kwa nani, na yeye kutoka kwa nani? Nilistaajabu kijana aliponieleza kwamba kiwandani nako huulizwa hivyo hivyo. Mikromita yake haiaminiwi kwa kuwa ni mpya na inang'aa. Huhakikiwa kwa vipande vya chuma vya kupimia, vile alivyovibuni Mswidi Carl Edvard Johansson mwaka 1896. Vipande hivyo navyo huhakikiwa na maabara, maabara huhakikiwa na taasisi ya vipimo ya taifa, mpaka silsila ifike kwenye maana ya mita yenyewe. Na mita, tangu mwaka 1983, ni umbali unaopitwa na mwanga mahali pasipo na hewa kwa sehemu moja katika 299,792,458 ya sekunde.

Pete moja ikikatika katika mnyororo huo, kila kilichopimwa chini yake kinakuwa dhaifu, hata kama mpimaji ni mkweli. Ndiyo maana ukweli wa moyo peke yake hautoshi. Lazima uambatane na uhakika.

Lipo jambo jingine. Chuma kikitoka kwenye mashine huwa na joto, na joto hukirefusha. Kipande cha urefu wa milimita 100 kikiwa na nyuzijoto 30 huwa kirefu kwa zaidi ya mia moja ya milimita kuliko kikiwa na 20. Kwa hiyo wanaviwanda wamekubaliana kwamba vipimo vyote vihesabiwe kwa nyuzijoto 20. Mkaguzi mwenye kuijua kazi yake hukiacha kipande kipoe, na vyombo vyake vipoe, ndipo akihukumu. Nasi tumefunzwa kwamba kadhi asihukumu baina ya watu hali ana ghadhabu. Ni wangapi miongoni mwetu tunaopima watu tukiwa bado tunachemka?

Shahidi aliyepuuzwa

Tusidhani hatari iko kwa wasio na elimu tu. Mwezi wa Aprili mwaka 1990 Wamarekani walirusha angani darubini iitwayo Hubble. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 2.4, nacho kilisuguliwa kwa ustadi usio kifani, lakini kwa umbo lisilo lake. Ukingoni kilikosewa kwa kiasi cha elfu mbili za milimita. Picha zikarudi zimefifia.

Uchunguzi ulipofanywa ikadhihirika kwamba chombo kilichotumika kukipimia kioo ndicho kilichokuwa na kasoro: lenzi yake moja ilikaa kando ya mahali pake kwa milimita 1.3. Linalotia uchungu zaidi ni kwamba vyombo vingine viwili vilikwisha kuonesha kuwa pana kosa. Ushahidi wao ukawekwa kando, kwa kuwa chombo kilichokosea ndicho kilichoheshimiwa kuliko vyote. Desemba 1993 ikabidi wanaanga wapae kwenda kuiwekea darubini hiyo vioo vya kurekebisha. Kioo chenyewe kimebaki na kosa lake mpaka leo.

Ndugu zangu, mashahidi watatu walisimama, wawili wakasema kweli, na aliyesikilizwa ni mwenye cheo.

Mkono ndani ya rundo

Tunasimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Hakuridhika na kilichokuwa juu. Alitia mkono ndani, vidole vikapata umajimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Tazameni: hakulaumiwa kwa mvua, maana mvua haikuwa kazi yake. Alilaumiwa kwa kuficha.

Hapo ndipo lilipo jibu la kijana wetu. Shafti kuzidi kipimo haikuwa dhambi yake, na pengine haikuwa dhambi ya yeyote, kwani kisu cha mashine huchakaa. Lakini saini si wino. Saini ni ushahidi kwamba nimeona, nimepima, na hivi ndivyo ilivyo. Asiyetengeneza wala asiyeuza, akishuhudia uongo, ameubeba mzigo ambao fundi hakuubeba.

Na upande wa pili pia usisahauliwe. Mkaguzi anayekikataa kipande kizuri kwa chuki au kwa kuogopa lawama amemdhulumu fundi. Mizani ina pande mbili.

Mtauliza, aliamua nini? Aliandika vipimo kama alivyoviona, akakataa kutia saini ya kupitisha. Baada ya wiki mbili alihamishwa idara ya kufungasha mizigo, na mshahara ukapungua. Mpaka aliponijia alikuwa bado yuko huko, na ada ya skuli ya wadogo zake inamtegemea yeye. Sikumwahidi kwamba atarudishwa. Nilimwambia kwamba alichokipoteza kinahesabika, na alichokihifadhi hakipimwi kwa mikromita.

Alipoondoka nilibaki na aibu yangu. Mwaka uliopita nilimpasisha mwanafunzi aliyekuwa bado hajaimudu sura aliyotahiniwa, kwa kuwa baba yake ndiye aliyetuezekea madrasa. Nilisema ni kitu kidogo. Nimekwisha kumwita mzazi yule nikamweleza, na mtoto amerudi kusoma upya. Mzazi hakufurahi.

Sura ya 83 inawaonya wapunjao vipimo, nasi tukiisikia humfikiria muuza nafaka na lumbesa ya gunia. Tujiulize pia juu ya kalamu zetu: anayeandika alama za mtihani, anayepitisha nondo za ujenzi, anayethibitisha dawa, anayeshuhudia mbele ya kadhi. Kabla ya kutia saini, tuutie mkono ndani ya rundo.

Allah (S.W.) atujaalie kuwa mashahidi wa kweli, na amfungulie kijana wetu mlango wa kheri. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.