Sentensi Ndefu, Ngoma Fupi: Kuimba Maandiko ya Kibaha'i kwa Sauti za Kigogo

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waimbishaji na waratibu wa mikutano ya sala, Makole, Dodoma



Barua ya kuniita hapa ilinitaka nieleze mambo matatu: maana ya muziki wa asili, nafasi ya muziki katika dini ya Kibaha'i, na changamoto za kuviunganisha viwili hivyo. Mawili ya kwanza nitayapitia mbiombio, maana humu ukumbini wamo wanaoyajua kunishinda. La tatu ndilo lililonitoa nyumbani.

Mambo tunayokubaliana

Muziki wa asili ni ule tulioupokea kwa sikio na kwa jicho, usio na mtunzi mmoja wa kuudai. Kwa Wagogo tunazungumzia nindo na msunyunho, ambazo nguvu yake iko kwenye sauti za watu, muheme wa akina mama na ngoma zao zinazobanwa mapajani, zeze, na ilimba, ambayo mjini tunaiita marimba. Gerhard Kubik wa Austria ameeleza kwa kirefu kwamba ngazi ya sauti ya Kigogo inatokana na sauti za maumbile, na ndiyo maana haikai sawasawa kwenye vibonyezo vya kinanda. Nisingependa turudie hapa ule mjadala wa kama Wagogo "wanakosea nota". Hawakosei.

Kuhusu dini: ilianza Uajemi mwaka 1844, na Bahá'u'lláh, mwanzilishi wake, aliishi kati ya 1817 na 1892. Tanganyika ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kitabu chake cha sheria, Kitab-i-Aqdas, ambacho kilikamilika mnamo 1873, kinaruhusu muziki na nyimbo, kwa sharti kwamba msikilizaji asitolewe nje ya heshima na adabu. Ndani ya Nyumba za Ibada kuna sharti moja zaidi: maandiko matakatifu husomwa au kuimbwa kwa sauti ya binadamu peke yake, bila ala. Ndivyo ilivyo Kikaaya, Kampala, tangu 1961, na ndivyo ilivyo Matunda Soy nchini Kenya iliyofunguliwa 2021, na Kinshasa iliyofuata 2023. Kwenye mikutano ya sala majumbani mwetu sharti hilo halipo. Hapo zeze na ngoma vinaruhusiwa.

Sharti lililo kila mahali, majumbani na hekaluni, ni kwamba maneno ya andiko hayabadilishwi. Hapa ndipo ilipo kazi.

Tatizo lenyewe

Sala zetu nyingi za Kiswahili zimetembea safari ndefu. Asili yake ni Kiarabu au Kiajemi. Shoghi Effendi, aliyeongoza jumuiya ya Wabaha'i kuanzia 1921 hadi 1957, alizitia katika Kiingereza cha hadhi ya juu, na wafasiri wa lugha nyingine huelekezwa kumfuata yeye. Matokeo yake kwa Kiswahili ni sentensi ambayo inaanza kwa kumwita Mungu, inaapa kwa majina yake, inataja hali ya mja, inaomba jambo, inaeleza kwa nini inaomba, ndipo inafunga kwa sifa mbili au tatu. Maneno yanaweza kuvuka arobaini kabla ya nukta. Kwa macho, yaani kwa msomaji aliyetulia na kitabu chake, inapendeza.

Wimbo wa Kigogo wa kuchezwa hauendi hivyo. Mwimbishaji anatupa kipande kifupi, watu wanakipokea, mzunguko unakamilika ndani ya sekunde chache, kisha unaanza upya. Raha yake ni huko kurudi. Anayeimba anajua mzunguko utamkuta wapi, na mguu unajua kabla yake.

Sasa mpe mwalimu wa kwaya sala ya maneno arobaini na tuni ya muheme, mwambie Jumapili ijayo watu waimbe. Atafanya nini? Atakata. Nami siwalaumu walimu wa kwaya kwa kukata, nawalaumu kwa mahali wanapokata.

Nitatoa mfano mmoja ambao nimeusikia Dodoma mjini na vijijini, kwetu na kwa jirani zetu pia. Neno *usiniache* lina silabi tano. Tuni inampa mwimbishaji mapigo mawili ya kuanzia, kisha inawapa waitikiaji mapigo matatu yenye uzito. Basi kwaya inagawa: mwimbishaji anaanza *usi*, watu wanapokea *niache*. Siku ya mazoezi, bila ngoma, hakuna tatizo. Siku yenyewe ngoma zinapopamba moto, sauti ya mwimbishaji inamezwa, na mpita njia barabarani anasikia kundi zima la watu wazima, wanawake kwa wanaume, wakimsihi Mungu kwa furaha na makofi: niache, niache, niache. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu kila mwimbaji ana neno zima kichwani mwake. Mgeni hana. Mtoto wa darasa la watoto naye hana, na huyo ndiye atakayelikariri hivyo hivyo alivyolisikia.

Hebu tuulizane: hapo andiko limebadilishwa au halijabadilishwa? Herufi zote zipo. Hakuna iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Ukimwonyesha mkaguzi karatasi ya wimbo ataipitisha. Mimi nasema limebadilishwa, tena limegeuzwa kichwa chini. Nimelisema hili kwenye vikao vya aina hii kwa miaka mingi, na kila mara linaandikwa kwenye muhtasari kama "angalizo la msemaji".

Kuna kasoro nyingine ndogo ndogo. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni iliyozaliwa na maneno ya Cigogo ina mapando na mashuko yake yenyewe, hivyo *rehema* wakati mwingine inavutwa mkiani mpaka inasikika kama neno la lugha nyingine. Hilo sikio linalivumilia. Kuna pia vile vipashio vya shangwe, *haya*, *eee*, na vigelegele. Wapo wazee wanaoviona ni nyongeza kwenye andiko, wapo wanaoviona ni pumzi tu ya wimbo. Mimi niko upande wa pili, lakini sina mamlaka ya kuamua, na ningeomba wenye mamlaka waamue ili tuache kugombana kwenye mazoezi.

Wenzetu walifanyaje

Tatizo hili si la Wabaha'i peke yao, ingawa kwetu linauma zaidi. Miaka ya 1960 Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri aliyefundisha Makumira, Arusha, alikusanya pamoja na wanafunzi wake tuni za makabila mbalimbali na kuzipa maneno ya Kikristo. Ndiyo asili ya *Tumshangilieni Mungu*. Zinaimbwa hadi leo. Lakini Olson alikuwa na uhuru ambao sisi hatuna: tuni ilikuja kwanza, maneno yakatungwa kuifuata. Neno likizidi, alilibadilisha. Wanaoniambia "fanya kama Walutheri" wanasahau jambo hilo.

Aliye karibu nasi zaidi ni Padre Stephen Mbunga, ambaye kitabu chake cha 1963 kilichambua sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Maneno ya Misa, kama yalivyo maandiko yetu, yamekwishapangwa. Mtunzi hana ruhusa ya kuyapunguza. Kila mtunzi wa Misa anajua kwamba *Bwana utuhurumie* ni rahisi, kwa kuwa ni fupi na inarudiwa, ila *Utukufu* ndiyo inayomtoa jasho.

Waislamu nao wamelimaliza kwa njia nyingine. Kurani haipigiwi ngoma. Inasomwa kwa tajwidi. Anayetaka dufu anatunga kaswida kwa maneno yake mwenyewe. Ninachowaonea wivu ni kitu kidogo ndani ya msahafu: alama za kusimama. Pana alama ya kumwambia msomaji hapa lazima utue, pana ya kumwambia hapa usitue, ukitua utaharibu maana. Msomaji wa madrasa mwenye umri wa miaka tisa anazijua. Vitabu vyetu vya sala vya Kiswahili havina alama hata moja ya aina hiyo. Mwalimu wa kwaya anaachiwa mkato na nukta, na mkato uliwekwa na mhariri aliyekuwa akifikiria jicho.

Mahali ninapoona njia

Kwa Kiajemi na Kiarabu sala hizi huimbwa na mtu mmoja, bila mapigo ya kuhesabika, sauti ikiifuata sentensi hadi inapoishia. Watu wengi wakisikia hivyo wanasema basi, hiyo ni ya Waajemi, Mgogo hana kitu kama hicho. Anacho. Mpiga zeze wa Kigogo anaweza kushika mzunguko mmoja mfupi kwenye nyuzi na juu yake akatiririsha maneno, akisimulia, akisifu, akiharakisha pale maneno yanapojaa na kuvuta pale yanapopungua. Hukwe Zawose, aliyefundisha Bagamoyo na kufariki 2003, alikuwa fundi wa kazi hiyo kwa zeze na kwa ilimba, na kanda zake zinapatikana. Sauti yake haikatwi na mzunguko. Inatembea juu yake.

Pendekezo langu la msingi ni hili. Sentensi ndefu apewe mtu mmoja, aitoe nzima kwa mtindo wa msimulizi. Kwaya ishike chini yake kipande kimoja cha sala ileile, kipande kinachosimama chenyewe kwa maana, kwa mfano jina la Mungu au wito kamili, na kwaya isipewe kamwe nusu ya neno wala kitenzi kilichoachwa bila mwanzo wake. Mahali penye zeze, zeze lishike mzunguko. Tukienda Kampala au Matunda Soy, ambako zeze linabaki nje, kwaya yenyewe inashika mzunguko huo kwa mdomo, na uimbaji wa Kigogo wa sauti kadhaa zinazokwenda sambamba unajitosheleza bila ala. Hapo sisi wa Dodoma tuna mtaji ambao kwaya za kinanda hazina.

Nitaje kinanda kwa ufupi, maana nikikianza hatumalizi. Kuna studio moja hapa mjini ilirekodi kwaya ninayoifahamu, ikaweka biti ya kompyuta juu ya muheme na "kuzinyoosha" sauti za akina mama zifuate kinanda. Kilichotoka ni safi na hakina mwenyewe. Akina mama walilipa na wakashukuru.

Mapendekezo

Kwanza, tafsiri mpya za sala, na marudio ya zile za zamani, zipitie kwa mtu anayeimba kabla ya kuchapishwa. Mfasiri azisome kwa sauti mbele ya mwimbishaji. Penye mahali pawili pa kuweka kitenzi bila kubadili maana, kiwekwe panapoimbika.

Pili, sala zinazoimbwa zaidi zitolewe toleo la waimbishaji lenye alama za pumzi: hapa tua, hapa usitue. Nimetaja msahafu, sina la kuongeza.

Tatu, kwaya isigawe neno kati ya mwimbishaji na waitikiaji. Nimelisema, nalirudia, na kama semina hii itatoka na azimio moja tu, ningeomba liwe hilo.

Nne, Baraza la Kiroho la Kitaifa liombwe mwongozo wa maandishi juu ya mambo matatu: kurudiarudia kipande cha andiko, kukitoa kipande mahali pake na kukifanya kiitikio, na vipashio vya shangwe. Likiona inafaa, lipeleke maswali hayo kwenye chombo kikuu cha Wabaha'i duniani kilichoko Haifa. Hadi mwongozo utakapokuja, pendekezo langu la kiitikio lichukuliwe kama jaribio, si kanuni.

Tano, kabla ya kuchukua tuni yoyote ya muheme waulizwe bibi wanaoimiliki. Muheme umetoka kwenye unyago, na si kila wimbo wake ulikusudiwa kusikika na kila sikio. Utafiti wa Kedmon Mapana kuhusu muheme na mabadiliko yake unasaidia, na Tamasha la Muziki wa Cigogo pale Chamwino ni mahali pazuri pa kukutana na wenye nyimbo.

Sita, wanaorekodi kwa kuuza wakumbuke kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia kazi za jadi. Tuni kukosa mtunzi hakumaanishi kwamba haina mwenyewe.

Saba, vijana wafundishwe zeze na ilimba na watu wanaovipiga, kwa ngazi yake ya asili, kabla ya solfa.

Nane, madarasa ya watoto yapewe nyimbo zilizokwishakaguliwa. Mtoto aliyekariri vibaya akiwa na miaka saba atakuja kuwa mwimbishaji.

Tisa, na hili ni la pili kwa sura nyingine: alama za pumzi.

Ndugu Mwenyekiti, kamati ya tafsiri na waimbishaji hawajawahi kukaa meza moja kwa muda wote niliofanya kazi hii. Kila upande unasema uko tayari. Naomba semina hii isifungwe jioni kabla ya kutajwa tarehe, mahali, na majina ya watakaokuja na vitabu vyao vya sala na penseli.